Maji Yasiyonuka

Mimi ni msusi, na msusi hahitaji redio. Mtu akishakaa chini kwenye mkeka wangu na kunipa kisogo, ulimi wake unalegea. Labda ni kwa sababu hanioni uso. Atanieleza mumewe alivyo, wifi yake alivyo, na sabuni ya jirani ilivyohamia kwake bila miguu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtaa wetu hapa kambini ni mimi.

Ndiyo maana habari ya maji niliijua kabla ya Injinia.

Injinia ni kijana mwembamba aliyeletwa na shirika kutuwekea maji salama. Namwita kijana kwa kuwa ndevu zake bado zinashauriana kama zitoke au zisitoke, lakini kazi yake anaijua vizuri. Alitujengea kituo cha maji pale njia panda: tangi jeusi juu, koki zimejipanga chini, na ubavuni mwa tangi kisanduku cha chuma kinachodondoshea dawa ndani ya maji. Kisanduku hicho hakukileta kikiwa tayari. Alituita kwenye ukumbi wa mabati, akatandaza vipande vyake juu ya meza, akatuuliza mpini ukae upande gani na koki ziwe kimo gani. Koki za kwanza zilikuwa chini mno, dumu haliingii mpaka ulilaze kama mgonjwa. Tukasema, naye akazipandisha. Siku ile tulitembea kurudi majumbani vifua mbele. Mtu akishakimbia kwake, akaishi kwa kupangiwa alale wapi na ale unga kiasi gani, kuulizwa tu "mnaonaje?" ni jambo kubwa.

Ila kuna kitu hatukumwambia. Maji yake yalinuka.

Yalinuka dawa, ile harufu inayopanda puani ukifua nguo nyeupe. Lakini utamwambiaje? Mgeni amekuletea zawadi kutoka mbali, amelowa jasho kwa ajili yako, halafu umwambie inanuka? Kwetu sisi hiyo ni sawa na kula chakula cha mtu halafu umkosoe chumvi. Kwa hiyo kila alipouliza, mwenyekiti wetu alisimama kujibu kwa niaba ya wote. Tunamwita Bwana Shwari, kwa sababu hata paa likiungua yeye atasema mambo ni shwari. "Matamu, Injinia," alikuwa akisema. "Tunashukuru sana." Nasi tulipiga makofi.

Tukifika nyumbani, kila mtu na lake. Mmoja alitumbukiza kipande cha mkaa ndani ya dumu. Mwingine aliyachanganya na ya mtoni ili kuyapunguza makali. Wengi waliyaacha wazi juani kutwa nzima mpaka harufu itoke. Umewahi kuona watu wanaanika maji? Sisi tulianika. Yote hayo niliyasikia mkekani, nikisuka.

Na bingwa wa kuanika alikuwa nyumbani kwangu: mama mkwe.

Mama mkwe ana beseni la bati lenye maua mekundu yaliyofifia. Tulipokimbia, watu walibeba magodoro na kuku. Yeye alijitwika beseni, na ndani ya beseni akamweka mwanangu, wakati huo bado mchanga. Hapo ndipo alipochukua cheo cha umama, mimi nikabaki msaidizi. Mtoto tunamwita Chiriku, maana akifumbua macho amefumbua na mdomo. Kila asubuhi mama mkwe alimimina maji ya bomba ndani ya beseni, akaliweka juu ya jiwe mlangoni, akasema, "Acha yapumue." Mchana alichota vikombe viwili, akawa anamimina kutoka hiki kwenda kile, mkono juu, mkono chini, kama mtu anayepoza uji. Ananusa. Anamimina tena. Yakiacha kunuka kabisa ndipo anampa Chiriku.

"Maji ya kunywa hayanuki, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Yanayonuka ni ya kufulia."

Mimi sikuona ubaya. Nilijua dawa imeshaua wadudu kule kule tangini, basi kazi imekwisha, iende zake. Na kusema kweli, nilipenda kumtazama. Mimi mwenyewe sijawahi kupozewa maji na mtu.

Mvua zilipoanza, kuhara kukaingia mtaani. Kulianza upande wa bondeni, kukapanda mlango kwa mlango, na asubuhi moja Chiriku aliamka bila kusema neno. Hapo nilijua. Mtoto yule hata akiota huongea. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, miguu yake inaning'inia kama soksi, mama mkwe ananifuata nyuma kandambili mkononi, matope mpaka magotini. Walimtundikia dripu. Mama mkwe aliketi sakafuni kando ya kitanda, akaushika ule mguu mdogo, na hakuuachia. Muuguzi alimwomba asogee apate kufagia. Akasogeza makalio, mkono ukabaki pale pale.

"Mungu angenipa mimi," alisema. "Mimi nimeshaishi."

Wakati wao wako zahanati, nami nimerudi kuangalia nyumba, Injinia alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Akifika, anaomba maji mnayokunywa, anayatia katika kichupa cha kioo, anadondosha kidonge, anatikisa. Yakigeuka pinki, dawa imo. Yakibaki meupe, haimo. Alipofika kwangu nilimchotea ya kwenye mtungi, ambayo mama mkwe alikuwa ameyatoa kwenye beseni. Akatikisa. Akatikisa tena. Meupe.

Aliketi kwenye kigoda changu cha kusukia bila hata kukaribishwa, jambo ambalo si desturi yake.

"Mama Chiriku, hii dawa inapotelea wapi? Pale bombani ipo, nimepima leo leo. Huku majumbani haipo. Nyumba baada ya nyumba."

"Kwani si imeshaua wadudu?"

"Imeua waliokuwemo. Lakini inatakiwa ibaki. Mtoto akitia mkono, kikombe kikianguka chini, nzi akitua, yenyewe inashughulika nao. Ni mlinzi huyo. Sasa mlinzi akiondoka mapema, mwizi si anaingia?"

Nje jua lilikuwa linawaka. Kupitia mlangoni niliyaona yale maua mekundu juu ya jiwe. Mama mkwe alikuwa amerudi alfajiri kubadili nguo, na kabla ya kwenda tena zahanati alikuwa amelijaza beseni. Chiriku alikuwa aruhusiwe kesho yake. Maji ya kumpokea yalikuwa yanapumua.

"Kesho kwenye mkutano nitapendekeza tuongeze dawa," Injinia alisema akifunga mkoba. "Tuiongeze maradufu, ili hata ikipungua ibaki kidogo."

Nikaona mbele yote kama sinema. Dawa maradufu, harufu maradufu. Watu wataanika siku mbili badala ya moja. Nilitaka nimwambie. Ningemwambia nini? Kwamba mwanangu aliletewa ugonjwa na mikono ile ile iliyomshika mguu?

Jioni nilimweleza mume wangu. Yeye anafyatua matofali, ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa shida.

"Usimwambie mama," alisema.

"Na mtoto?"

"Mwaga maji, osha beseni, mwambie limetoboka. Ukimwambia ukweli utamuua."

"Na watoto wa wenzetu? Nikatoboe mabeseni ya mtaa mzima?"

Akavuta shuka, akageukia ukuta. Nilikasirika naye, nikajikasirikia mimi, nikalikasirikia na beseni. Maji nikayamwaga kweli. Lakini asubuhi mama mkwe alipokuja kuandaa nyumba kabla ya kwenda kumchukua mjukuu, alilikuta tupu, akacheka, akasema mbuzi wamekunywa, akalijaza tena. Jua likawaka toka mapema. Hata jua nililikasirikia.

Walirudi kabla ya mkutano. Chiriku alikuwa mwepesi na macho yamekuwa makubwa, lakini alisema "Mama, nimechomwa sindano," nami nikamkumbatia kwa furaha. Nilimpa maji ya zahanati yaliyobaki kwenye chupa, nikamwacha na baba yake. "Asinywe kitu kingine mpaka nirudi," nilimwambia mume wangu, na macho yangu yakamalizia maneno.

Ukumbini watu walijaa mpaka dirishani. Mama mkwe alikaa mbele na wazee wenzake. Injinia alieleza habari ya vichupa vyeupe na vya pinki, akasema anataka kuongeza dawa, akauliza kama kuna mwenye neno.

"Ongeza tu, Injinia," alisema Bwana Shwari. "Wewe ndiye mtaalamu. Hapa hakuna tatizo." Makofi yakapigwa.

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla sijaiambia.

"Usiongeze. Dawa haipotei yenyewe, tunaitoa sisi. Watu wanayaanika maji juani mpaka harufu iishe. Wengine wanayachanganya. Ukiongeza, watazidisha."

Mabati ya juu yalisikika yakilia kwa joto. "Nani anafanya hivyo?" Injinia aliuliza, na hakuuliza kwa ukali.

"Wengi."

Nilitazama wateja wangu. Vichwa vyote vile nilivisuka mimi, mistari naijua, na kila kimoja kiliinama kutazama sakafu. Mwenye kipande cha mkaa alikuwa amekaa safu ya pili, nywele zake bado mbichi kutoka mkononi mwangu. Akainua uso, akasema, "Labda kwake. Kwangu mimi hakuna mambo hayo." Watu wakacheka.

"Mama," Bwana Shwari akaniambia, "tusimchafulie mgeni zawadi yake."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Ningeweza kuwataja mmoja mmoja, na mkaa wao na mto wao. Lakini msusi anayetaja majina atabaki kusuka ukili wa mikeka, si nywele. Na jina la kwanza nililopaswa kulitaja lilikuwa limekaa mbele pale, limejifunga kitambaa cheupe kichwani. Nikakaa, nimeumbuka.

Ndipo mama mkwe akasimama.

"Mke wa mwanangu hasemi uongo," alisema. "Kwetu tunayaweka juani. Tena mimi ndiye ninayeyaweka. Hawa wanakuficha kwa heshima, Injinia, lakini mimi ni mtu mzima, sina muda wa kuficha. Maji yako yananuka. Wewe unaleta, mimi namalizia. Ningoje."

Nyumba yetu iko jirani na ukumbi. Nilitaka kumzuia, nikakuta ameshafika mlangoni. Alirudi amejitwika beseni, amenyooka, hakuna tone lililomwagika. Akalitua mezani mbele ya Injinia kama mtu anayeandaa karamu.

"Haya ni ya mjukuu wangu. Pima."

Injinia alinitazama. Nadhani alielewa wakati ule, akatamani asiwe na mkoba. Lakini alikuwa ameamriwa na mzee mbele za watu. Akachota, akadondosha kidonge, akatikisa. Maji yakabaki meupe pe.

Mama mkwe alimpokonya kile kichupa, akakiinua juu, akageuka nacho ili ukumbi wote uone. Alikuwa anatabasamu.

"Mmeona? Hata rangi hakuna! Safi!"

Hakuna aliyepiga makofi. Hata Bwana Shwari, ambaye mikono yake haijui kutulia, aliiweka mapajani. Tabasamu la mama mkwe lilibaki usoni likingoja mwenzake, na hakuna aliyempa. Injinia alijishughulisha na vidonge vyake. Hapo nilijua kazi hiyo si yake. Mambo kama hayo mtu aambiwe na wa kwake.

Nilikwenda mbele. Nikachukua kikombe cha maji ya bomba kilichokuwa mezani, nikamwomba Injinia apime. Yaligeuka pinki, kama pera lililopasuliwa.

"Mama," nilisema. "Hiyo rangi ndiyo dawa. Ndiyo inayowalinda watoto. Ya kwetu imekwenda na jua."

Alitazama kichupa changu, akatazama chake. Aliviweka karibu karibu, kama mtu anayelinganisha nyuzi. Mikono yake haikutetemeka. Laiti ingetetemeka, ningepata cha kushika.

"Kwa hiyo Chiriku," alisema.

"Mama, tulikuwa hatujui. Sote."

"Usinifunike, mwanangu. Nimekuuliza. Chiriku ni mimi?"

Nilitaka kusema hapana. Kuna nzi, kuna matope, kuna mikono ya watoto wa jirani. Ningeweza kumpa mmojawapo abebe. Lakini alikuwa ananitazama.

"Huenda, mama," nilisema, nikaangua kilio mbele za watu, mimi ninayejulikana kwa mdomo.

Yeye hakulia. Alichukua beseni, akatoka nalo hadi mlangoni, akayamwaga yale maji nje, yote. Kisha akarudi, akaligeuza juu chini mezani. Akakaa mahali pake.

Mwenye mkaa alisimama bila kuitwa. "Mimi natia mkaa," alisema, akinitazama mimi, si Injinia. "Nisamehe, dada." Mwingine akasema anaanika. Mwingine anaanika na kuchuja. Sauti zikaanza kutoka hata dirishani. Mwisho Bwana Shwari alikohoa, akarekebisha kofia, akasema kwamba, kwa kweli, kuhusu suala la mto, yeye binafsi huwa anachanganya nusu kwa nusu. Kicheko kilichotoka hapo kilitutoa machozi upya.

Injinia alingoja tutulie. "Niliwauliza mnaonaje," alisema, "mkanipa jibu nililolipenda, nikaondoka nalo. Kosa langu ni hilo. Sasa siongezi chochote. Niambieni, harufu kiasi gani mnaweza kuivumilia?"

"Utajuaje bila kuonja?" mama mkwe alisema. Sauti ilitoka chini, lakini ilitoka. "Tuonjeshe."

Ndivyo tulivyoanza upya. Injinia alipanga vikombe kwenye ile meza, kila kimoja na dawa yake, kuanzia kidogo kwenda juu, bila kutuambia kipi ni kipi. Tuliingia wanne wanne, tunaonja, tunakunja uso, tunabishana. Wazee walitaka kidogo, mama wa watoto wachanga walitaka zaidi, maana zahanati walikuwa wameiona. Kiasi tulichokubaliana alikiweka kwenye madumu na kwenye mabeseni, akaviacha mpaka jioni, akapima mbele yetu. Maji ya dumu lenye kifuniko yaligeuka pinki. Ya beseni yalibaki meupe.

"Mdomo mpana hautunzi kitu," mama mkwe alisema. "Hata wa mtu." Na akanitazama mimi, bila sababu yoyote ya msingi.

Chombo cha nyumbani kilitupa kazi zaidi. Ndoo ya kwanza aliyoleta Injinia, yenye kifuniko na koki, ilivuja, tukairudisha. Ya pili kifuniko kilikuwa kigumu, wazee wakashindwa kukifungua, wakaanza kukiacha wazi, tukasema siku hiyo hiyo, bila kusubiri aulize. Mwenye mkaa ndiye aliyetaka kifuniko kifungwe kwa kamba kwenye mpini kisipotee. Sasa tulisema mpaka Injinia akawa anaomba tupumzike. Nilimwambia hayo ndiyo makofi yetu ya kweli, azoee.

Mama mkwe hakurudi kuwa yule wa zamani upesi. Kwa muda alikataa kumpa Chiriku maji kwa mkono wake. Mtoto akiomba, ananiita mimi. Beseni alilitia chini ya kitanda. Nilimwambia usiku na mchana kwamba mtoto amepona, anacheza, anatuchosha kwa maneno. Alinijibu "Najua," na akaendelea kuniita. Hilo lilinichoma kuliko zahanati.

Kisha ikaja asubuhi ambayo kisanduku cha dawa kiliziba. Watu walifika bombani, wakaonja, wakafurahi. "Leo maji matamu!" Foleni ikachangamka. Mama mkwe alikuwa na dumu lake katikati ya foleni. Alikinga kiganja, akanusa. Akakinga tena. Akaacha dumu, akaenda mbele, akasimama katikati ya koki na watu, mikono ameinyoosha.

"Hayanuki! Mtu asichote!"

Walimtukana. Waliokuwa na haraka walimwita kikongwe na mambo mengine ambayo siyaandiki. Mtu mmoja mwenye mkokoteni alijaribu kumsogeza, naye akamwambia, "Nisogeze, lakini ujue nina kifua cha kupiga kelele mpaka mchana." Nilipofika nikasimama kando yake. Mwenye mkaa akaja. Tulisimama hapo mpaka Injinia alipokuja mbio na spana, akafungua kisanduku, akakuta mdomo wa kudondoshea umejaa tope.

Mchana ule Chiriku aliingia kutoka kucheza, vumbi mpaka kope, akasema anasikia kiu. Niliinuka. Mama mkwe aliniwekea mkono begani, nikakaa tena.

Alifungua koki ya ndoo, akakinga kikombe. Akanusa. Akanywa yeye kwanza, akangoja kidogo, kisha akampa.

Chiriku alikunja pua. "Bibi, yananuka."

"Yananuka nini?"

"Dawa."

"Una uhakika?"

"Yananuka kabisa, Bibi. Nusa mwenyewe."

"Haya," mama mkwe alisema. "Basi kunywa." Akakishika kikombe kwa mikono miwili, pamoja na vidole vya mtoto, mpaka maji yakaisha.